Skrubu ya Ratko

Ndani ya tramu ya Belgrade, fundi Slobodan alikaa karibu na Desanka, mjane wa rafiki yake, akaanza kujisifu. "Lile gari uliloniuzia, shemeji, nimelitengeneza dakika kumi tu. Kabureta nzima kabisa! Nimekaza skrubu moja, sasa halizimiki tena kwenye taa za barabarani."

"Mbona marehemu alisema kabureta imekufa?"

Fundi akacheka. "Ratko? Si ndiye aliyekuwa ananiambia niilegeze ile skrubu! Eti gari likitulia, utakimbilia kwenu Zaječar."

Desanka aliikumbuka wiki aliyoambiwa asubiri fundi amalize, hadi mama yake akazikwa Zaječar bila yeye.

"Na wewe ukailegeza?"

"Alikuwa mteja, shemeji."

Tramu ikasimama.

"Shuka."

"Kituo changu bado."

"Nimesema shuka."