Mama Mwanvua na Jiwe Jeusi Lisilosikia Moto

Leo Ijumaa, mwezi wa Rajabu wa mwaka 1315, ambao kwa hesabu ya Wazungu ni 1897, Mama Mwanvua binti Hemedi anaacha kazi katika kiwanda chetu cha wahunzi hapa Kabambare. Aliianza mwaka 1874. Tangu wakati huo halikutoka hapa jembe wala shoka ambalo jiwe lake halikupita kwanza mkononi mwake. Wenzangu wamenipa heshima ya kuandika maneno haya yasomwe mbele ya wageni baada ya sala, nami nayaandika kwa furaha.

Mama Mwanvua alizaliwa kando ya mto Luama, kwa Wabangubangu. Mama yake mzazi alikuwa mwoshaji wa mawe ya chuma, na binti aliiona kazi hiyo akiwa bado mgongoni. Alipoolewa na kuja mjini, Fundi Faradji, mwenye kiwanda, alimchukua awe mchaguzi. Mchaguzi husimama kijitoni, huosha mawe yaliyochimbwa mlimani, huweka kapuni yenye chuma na kutupa yasiyo nayo. Akikosea yeye, mkaa unaungua bure na wavukuta mifuo, wanaopuliza moto, wanachoka bure.

Alikuwa na tabia ya kutupa jiwe baya nyuma yake bila kugeuka. Siku moja tajiri wa pembe kutoka Kasongo alipita na kilemba kipya, jiwe likakiangusha majini. Tulidhani sote tutafukuzwa mjini. Mama Mwanvua aliliokota lile jiwe, akaligeuzageuza, akasema, "Nisamehe, baba. Hii ilikuwa nzuri, nilikosea kuitupa." Yule tajiri alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini jambo linalotufanya tumpigie ngoma leo lilitokea mwaka 1894. Vita vilikuwa vimepita Kasongo na hapa kwetu. Watu waliokimbilia msituni walirudi wakakuta majembe yamechukuliwa, na mipini iliyobaki imeungua pamoja na nyumba. Mvua ilikuwa karibu, na asiye na jembe hangepanda mpunga wala mahindi. Kila asubuhi akina mama walitoka Wamaza na vijiji vingine vya jirani, wakaketi mbele ya kiwanda wakingoja.

Machimbo yetu ya zamani yalikuwa yamefunikwa na maporomoko ya mlima, kwa hiyo wachimbaji walileta mawe kutoka kijito kipya. Yalikuwa meusi, yenye kung'aa kidogo, mazito ajabu. Tukashangilia, maana kwetu jiwe zito lilikuwa jiwe la chuma. Mama Mwanvua hakushangilia. Alishika moja katika kiganja, na katika kiganja cha pili akaweka jiwe letu la kawaida la ukubwa uleule. Lile jeusi lilimlemea mkono zaidi. Kisha akayasugua yote mawili juu ya kigae. Jiwe letu liliacha mstari mwekundu kama damu. Lile jipya liliacha mstari mweusi.

"Fundi, hii haiko chuma," alimwambia Faradji. "Iko kitu ingine."

"Mama, mvua inakuja na watu wanangoja," Faradji alijibu. "Iko nyeusi, iko nzito. Tutatia."

Tukatia. Tulivukuta tangu alfajiri mpaka magharibi. Tulipobomoa tanuri tulikuta mavi ya chuma machache, yaani takataka za tanuri, na yale mawe meusi yakiwa kama yalivyoingia, yamepakwa masizi tu. Tukajenga tanuri jingine, tukaongeza mkaa wa mti mgumu. Mawe yakatutazama vilevile.

Hapo maneno yakaanza. Assumani, mlinzi wa tanuri, alisema mbele ya watu kwamba kuna mwanamke aliyekaribia moto na kuuharibu, na kila mtu alijua anamsema nani. Katika desturi ya kazi yetu mwanamke hakukaribia tanuri likiwaka, na kwa shtaka kama hilo watu waliwahi kufukuzwa mjini. Majirani waliacha kumsalimu Mama Mwanvua. Kapu lake la kazi lilikutwa limepasuliwa. Binti yake, Aziza, alimsihi wafunge mizigo waende Kasongo kwa ndugu zao. Alikataa. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa, ila hasira ilikuwa kubwa kuliko hofu.

Siku chache baadaye alikuja kiwandani mchana, watu wote wakiwepo, amejitwika kapu jipya lililojaa. Nyuma yake alikuja Aziza na kapu lake. Mikono yao ilikuwa imechubuka mpaka kwenye viwiko.

"Mawe haya yametoka machimbo ya zamani," alisema. "Nimefukua mimi na mutoto wangu. Jengeni tanuri moja, mutie haya peke yake. Na mimi nitasimama hapa karibu na moto, kila mutu anione. Chuma ikikosa kutoka, nitahama Kabambare."

Assumani alisema haiwezekani. Wengine wakaguna pamoja naye. Faradji akajitokeza mbele yao.

"Mama alinikataza kutia yale meusi," alisema. "Mimi ndiye niliyetia. Asimame."

Siku ya kuwasha alisimama hatua chache tu kutoka mdomo wa tanuri, jasho likimtiririka, shuka yake ikirukiwa na cheche. Nilikuwa kwenye mifuo, na kila nilipoinua macho nilimwona palepale. Jua lilipoanza kuinama Faradji alivunja mlango wa udongo. Lilitoka bonge jekundu, pana, linalodondosha moto! Assumani mwenyewe alilikamata kwa koleo, na nyundo ya kwanza ilikuwa yake. Bonge halikupasuka. Lilibonyea kama unga uliokandwa vizuri. Akina mama wa Wamaza walipiga vigelegele hadi msikitini wakasikia.

Assumani aliweka nyundo chini akamwendea. "Mama, nimekukosea mbele ya watu. Nisamehe mbele yao."

"Nimekusamehe," alisema. "Sasa fua majembe, hawa mama wana njaa."

Kesho yake mji mzima ulipanda mlimani kuondoa maporomoko. Mvua ya kwanza iliponyesha hapakuwa na nyumba isiyo na jembe. Mpunga wa mwaka ule sote tunaukumbuka. Tangu siku ile wachaguzi wetu wanawake husimama mahali popote wapendapo kiwandani, na moto haujalalamika.

Na yale mawe meusi? Mama Mwanvua hakuyatupa. Alimpelekea kaka yake, mvuvi wa Luama, ayafunge kwenye nyavu. Yanazama upesi, hayapati kutu, hayaliwi na maji.

Mwaka jana alipita hapa Mzungu mmoja mpima mawe, aliyejua Kiswahili kidogo. Alilitia jiwe hilo katika maji makali yanayotafuna chuma. Alipolitoa lilikuwa zima. Alitueleza kwamba ndani yake hukaa madini mawili yanayofanana kama mapacha, hata mabingwa wa kwao waligombana miaka mingi wakishindwa kuyatenganisha. Moja linaitwa niobi. Likitolewa ndani ya jiwe huwa na rangi ya kijivu cheupe, linakunjika bila kuvunjika, na moto wa mhunzi yeyote hauwezi kuliyeyusha.

"Munalitumia kwa kazi gani?" Mama Mwanvua aliuliza.

"Bado tunatafuta," alisema yule mgeni.

"Basi chukua machache," alimwambia akimjazia mkoba. "Huko kwenu muna samaki?" Mgeni alicheka, akaondoka nayo yote.

Kazi ya kuchagua sasa inashikwa na Waridi, ambaye Mama Mwanvua amemfundisha mwenyewe, kwa ukali tunaoufahamu. Mama mwenyewe anakwenda Kasongo kukaa na Aziza, anayeishi huko sasa, na wajukuu. Wavukuta mifuo, wahunzi na wachimbaji tutamsindikiza mpaka nje ya mji, na Assumani ameomba yeye ndiye abebe mzigo wake.

Mama Mwanvua, ahsante kwa kila jiwe uliloweka na kila jiwe ulilotupa. Umesimama majini miaka mingi kwa ajili yetu. Mungu akupe afya, akupe wajukuu wengi, na miguu yako ikae pakavu.