Bi. Nthenya na Miguu ya Grafu

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kushika chaki, Bi. Nthenya Wathome anastaafu tarehe 31 Desemba 2006. Miaka kumi na mitano ya mwisho ameitumia katika shule yetu hapa Kola, akifundisha hesabu darasa la sita, na hakuna mwalimu aliyemsumbua mwalimu mkuu kama yeye. Mwalimu mkuu huyo ndiye mwandishi wa wasifu huu.

Alianza na mkebe wa mafuta ya kupikia, aliouweka nyuma ya darasa. Kila asubuhi wanafunzi walipima mvua na kuijaza kwenye grafu. Kwa mvua zetu adimu za Kola, hiyo ilikuwa kazi ya kuandika sufuri. Wengine waliomba kuziruka. Alikataa katakata, akawafundisha kwamba grafu hutazamwa miguu kwanza, pale inapoanzia, kichwa baadaye.

Siku ya wazazi mwaka 1998, nilibandika grafu ya matokeo yetu ya darasa la nane. Katika miaka minne wastani ulikuwa umepanda kutoka alama 341 hadi 346, lakini kwa kuwa nguzo nilizianzishia 340, ya mwisho ilikaribia dari. Wazazi walipiga makofi. Afisa wa elimu naye alipiga. Kisha Mwongeli wa darasa la sita akainua mkono: "Mwalimu, na hizo zingine mia tatu na arobaini ziko wapi?" Bi. Nthenya aliinamia viatu vyake, lakini nilimwona akitabasamu.

Jioni hiyo niliandika barua ya kuomba ahamishwe, nikidai wanafunzi wake hawana nidhamu. Barua kama hiyo hutaka ushahidi. Nikafungua daftari la adhabu, nikahesabu makosa ya kila darasa, nikachora grafu, safari hii kuanzia sufuri, maana tayari nilikuwa namwogopa Mwongeli. Nguzo ya darasa la sita ilikuwa fupi kuliko zote. Barua ikaingia kwenye droo bila sahihi. Nilitaka kumfukuza mwalimu bora niliyewahi kufanya naye kazi kwa sababu tu alikuwa amefundisha vizuri. Naona haya hadi leo.

Wiki iliyopita nilimkabidhi barua hiyo pamoja na grafu yake. Barua aliisoma, akacheka sana. Grafu aliitazama miguu kwanza, akatoa kalamu nyekundu, akanipa nane kwa kumi. Nilikuwa nimesahau kuandika kichwa cha grafu.

Asante, Bi. Nthenya. Tunakutakia afya njema, wajukuu wadadisi na mvua ya kutosha shambani. Mkebe unabaki nasi, na sufuri tutaziandika zote.