Medali Iliyo Mkononi mwa Mzee Titus Lihanda

Mzee Titus Lihanda alizaliwa tarehe 12 Machi 1944 huko Chavakali, magharibi mwa Kenya. Babake, Jotham, alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akipigana na Wajapani kule Burma, na hakurudi. Mwili haukupatikana, basi ukoo ulizika shina la mgomba mahali pake, kama ilivyo desturi yetu.

Marehemu alikua akiliogopa kaburi lile. Alisoma Chavakali hadi 1962, na kila siku alipita njia ya mzunguko ili asilione. Alimwuliza mamake, "Baba akirudi akute tumeshamzika, tutamwambia nini?"

Alifika Landani mwaka 1967, akawa kondakta wa basi, kisha dereva hadi alipostaafu. Abiria wa Stratford walimlalamikia kwa kupenda kungoja kila mama aliyekuja mbio na mtoto. Alimwoa Teresia Kageha tarehe 4 Aprili 1970 hapa Ilford, wakanipata mimi, Nancy, na kaka yangu Eddie.

Mei 1998 Mfalme wa Japani alizuru Landani. Baba alikwenda kutazama msafara, akajikuta kando ya wazee waliopigana vita vile, nao wakampa mgeni mgongo. Yeye hakujua ageukie wapi. Baadaye alinunua medali ya fedha ya ukumbusho wa ziara hiyo, yenye ua la kifalme la Wajapani. Mama aliiogopa, akakataa ilale chumbani. Baba aliificha ndani ya soksi. Kuivaa hakuthubutu, kuitupa pia hakuthubutu.

Figo zilimsumbua tangu 2021. Hospitalini alituambia, "Nancy, please, mtanishikisha ile medali. Nimpelekee baba. Hakuna mtu aliyemwambia vita vilikwisha."

Mama akamjibu, "Na akiona alama ya adui kabla hajajua wewe ni nani? Hajawahi kukuona, Baba Eddie."

Hofu ile ya kutotambuliwa na babake aliondoka nayo tarehe 9 Februari 2025, nasi ametuachia yetu.

Wosia wa maiti haukataliwi. Jana Mama mwenyewe alimwekea medali kiganjani, akamfumba vidole kimoja kimoja, akamwinamia sikioni: "Ukifika, taja jina lako kwanza. Ndipo ufungue mkono."

Ameacha mjane, Teresia. Watoto, Nancy na Eddie. Na wajukuu, Tatiana na Jotham.

Bwana ampumzishe kwa amani, na babake amtambue.