Aliyefua Nguo za Baba

Siku dada yetu alipotutoka, Alhamisi tarehe 22 Agosti 2024, saa mbili asubuhi, wodini tulikuwepo baba yetu, mama yetu, shemeji yangu ambaye ni mume wa marehemu, mdogo wetu wa kiume, mimi ninayewasomea, binti wa marehemu wa miezi sita aliyekuwa amelala mgongoni kwangu, mwenzake wa kazini, wa chumba cha kufulia cha hospitali, aliyeleta shuka, na muuguzi wa usiku ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha lakini hakwenda kwake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1990, mtoto wa kwanza kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la mitumba. Alianza shule ya msingi mwaka 1997, akawa na kichwa chepesi, akisikia majina ya darasa zima yakiitwa mara moja anayarudia yote bila kukosea. Mwaka 1999 baba alipata kazi kwenye banda la kuvunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo, akawa anarudi na ovaroli ya kijivu kwa vumbi, na mwaka 2002, mama alipojifungua kitindamimba na kuumwa mgongo, dada alichukua kazi ya kufua. Alikuwa anazikung'uta kwanza nguo za baba, kisha anazifikicha kwa mikono, na sisi wadogo tukisogelea beseni anatufukuza, "Tokeni hapa, mnaniharibia povu langu," ndiyo maana tulimwita Povu, naye akaitika.

Aliingia sekondari Januari 2004, na hapo kichwa kilianza kumuuma, tumbo likamsokota, akawa mkali bila sababu, akitumwa maji anarudi bila ndoo, na yale majina ya darasa yakampotea. Walimu walisema ujana unamsumbua, na nyumbani tuliamini hivyo, ila jirani yake wa dawati alikuwa akimgusa kiwiko kila mwalimu alipomwita, na hakuwahi kumcheka. Agosti 2005 mama alimpeleka zahanati, muuguzi akamfunua mdomo, akaona mstari wa bluu kwenye fizi, akauliza, "Baba anafanya kazi gani, na nguo zake anafua nani?"

Tulipimwa damu nyumba nzima. Baba na dada walikuwa na risasi nyingi, mama kidogo, mimi na mdogo wangu kidogo sana. Daktari alieleza kwamba mwili wa umri ule, kwa kuwa unajenga mifupa, huipokea risasi kama unavyopokea nguvu ya maziwa, na kuitunza miaka mingi. Nilikuwa na miaka tisa, sikuelewa, leo nami ni mama na bado nashangaa, kwamba msichana anayelinda povu lake, asiyejua kitu, alisimama kati yetu na ile sumu. Nilipomwambia hivyo alicheka, "Niliwafukuza kwa uchoyo, msinipambe."

Baba aliacha kazi mwezi uleule. Dada alimaliza kidato cha nne mwaka 2007, kwa taabu lakini alimaliza, na tarehe 4 Mei 2009 aliajiriwa chumba cha kufulia cha hospitali, na hakuwahi kurudi nyumbani na sare ya kazi. Njiani, akimkuta binti anafua ovaroli, alisimama kumsalimia na kumuuliza baba yake anafanya kazi wapi, hata kama tumechelewa.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 2015. Mimba mbili ziliharibika, na mwaka 2019 aligundulika ana shinikizo la damu na figo zimechoka, mambo ambayo daktari aliyahusisha na risasi ya ujana wake. Alipopata mimba tena mwaka 2023, aliambiwa wazi kwamba mtoto hujengwa kwa mifupa ya mama, na kilichofichwa humo kinaweza kumfuata, kwa hiyo ale na kunywa vizuri ili mifupa isiguswe sana. Shemeji alimnunulia maziwa kila asubuhi kabla ya kazi, mpaka muuzaji akambatiza jina la Ndama.

Binti alizaliwa tarehe 2 Februari 2024. Damu yake ilikuwa na risasi kidogo, daktari akasema arudiwe kupimwa akifikisha miezi sita. Baba alikuja kumwona kila siku, akakaa ukingoni mwa kiti, mikono ameibana kwapani, hakumpakata hata mara moja. "Hii mikono naijua mimi," alisema, na dada akamjibu, "Baba, umeinawa miaka kumi na tisa, imebaki ngozi tu," naye alicheka lakini hakuikunjua.

Tarehe 29 Julai figo zilishindwa, akalazwa na kusafishwa damu kwa mashine. Wenzake wa kazini walimletea kila asubuhi shuka yenye joto la pasi bado, naye akiipapasa anasema, "Hii imepigwa pasi na mvivu." Jumatatu ya wiki yake ya mwisho aliniambia, "Majibu ya mtoto yakitoka msinisubiri, mpeni baba amshike."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, yule wa zahanati aliyeuliza swali lile, wenzake wa chumba cha kufulia, jirani wa dawati ambaye tunaye hapa leo, na majirani waliotupikia na kuosha vyombo vyetu bila kuulizwa sabuni iko wapi.

Pumzika kwa amani, Povu wetu, nguo zote zimekauka.

Majibu yalitoka juzi Ijumaa, risasi haikuonekana. Jana jioni baba alinawa mpaka viwikoni, akaomba apewe mjukuu wake, akampakata mpaka mtoto akalala.