Mke Wangu Hakuteleza

Wazee wangu, shikamooni. Vijana na watoto, nawasalimu. Namshukuru Mungu aliyenileta hapa mbele nikiwa bado na sauti, maana maneno haya nimekaa nayo miaka miwili. Mkiona nakwama, nivumilieni.

Mnanijua. Mimi ndiye yule mwenye paneli sita za sola juu ya bati, niliyekuwa natembea kifua mbele hapa Tlawi nzima. Fundi alipokuja kuzifunga nilimpa chai, naye akawa ananielekeza: "Mzee, swichi ya ndani inazima nyumba, haizimi paneli. Kukiwa na mwanga tu, waya za juu zina umeme. Usizishike." Nikamwambia kunywa chai kijana, mimi fizikia nimesoma hadi kidato cha nne. Baadaye nikahamisha paneli moja mwenyewe. Waya haukufika, nikauunga kwa mkono na kuuzungushia tepu. Nikajiona fundi.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba umeme wa nyumba ulizimwa, kulikuwa na matengenezo ya nguzo huko barabarani. Tulikuwa na vifaranga wengi bandani, wanapata joto kwa balbu. Baridi yetu ya mwezi wa saba mnaijua. Betri ya sola nayo ilikuwa hoi, kwa sababu paneli zilijaa vumbi na kinyesi cha ndege. Vifaranga wakaanza kurundikana kwenye kona, wanalia. Nikaamua paneli zifutwe saa hiyo hiyo.

Nikazima swichi kubwa. Nikazima na inveta. Nikatazama juu, ukungu umeshuka mpaka kwenye miti ya uani. Nikasema moyoni, jua lenyewe halijatoka, umeme utatoka wapi?

Sasa nani apande? Mimi mzito, bati lingebonyea. Mke wangu mwepesi. Alikuwa na mimba ya miezi minne, na tuliojua ni sisi wawili tu. Aliniuliza mara mbili, kitambaa cha maji mkononi: "Baba, una hakika umezima?"

Nikamjibu kwa ukali, "Nimezima kila kitu. Panda, vifaranga wanakufa!"

Alifuta ya kwanza, akafuta ya pili, akafika pale nilipounga. Hakupiga kelele. Niliona tu mkono wake umeruka nyuma, kisha akaangukia upande wa pili wa nyumba, kwenye mawe ya msingi.

Mtoto alitoka siku hiyo hiyo, tukiwa hospitali. Nyonga ya mama ilivunjika, ndiyo maana mnamwona anachechemea. Na vifaranga? Mama jirani aliwahamishia jikoni kwake akawawashia jiko la mkaa, wakapona karibu wote. Jiko la mkaa, ndugu zangu! Hata kwangu lilikuwepo.

Watu walipokuja kuuliza nilisema aliteleza. Sikupanga, neno lilitoka tu, na kesho yake likawa ndiyo habari yenyewe. Maneno yakaanza: mjamzito anatafuta nini juu ya paa wakati mume yupo? Mwanamke gani mbishi hivi? Nilisikia yote, nikawa natikisa kichwa kama mtu mwenye huzuni. Huzuni nilikuwa nayo kweli, ila na woga ulikuwepo.

Na tuseme ukweli leo. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kumtenga mama aliyepoteza mimba. Haendi kwa watu na watu hawaji kwake, mpaka muda wake uishe. Sisi watu wa kanisa tunasema tumeiacha. Lakini akina mama waliokuwa wakikatiza uani kwetu kwenda kuchota maji walianza kuzunguka njia ya juu. Hakuna aliyekuja hata kuomba chumvi. Mimi naenda mnadani, nakula nyama na wenzangu, nakaribishwa kila nyumba. Yeye anakaa mlangoni na mguu wake, anatazama njia. Alijua kila kitu na hakusema neno. Kuna siku nilitamani anitukane tu, nipumue.

Mwezi uliopita mdogo wake wa kiume, shemeji yangu wa Gehandu, akanipigia asubuhi. Naye kafunga sola. Mke wangu alikuwa karibu anachambua maharage, na simu yangu haisikiki bila spika.

"Shikamoo shemeji. Huku umeme wa nyumba umekatwa, nimezima swichi zote. Niko kwenye ngazi na ndoo yangu, nataka kuosha paneli. Si ndivyo mnavyofanya huko?"

Mke wangu akaacha kuchambua. Hakunitazama.

"Teremka," nikasema.

"Kwani vipi? Nimeshazima."

"Hata mimi nilizima. Teremka, shemeji. Dada yako hakuteleza. Mimi ndiye niliyempandisha, akashika waya niliouunga mimi."

Nikasikia ndoo inawekwa chini. Kisha akasema, "Mpe dada simu."

Waliongea taratibu kwa lugha yetu, na mke wangu akalia, mara ya kwanza tangu hospitali. Walipomaliza nikamuuliza kwa nini alinyamaza muda wote huo. Akasema, "Ningesema mimi, wangesema namsingizia mume wangu. Nilikuwa nasubiri useme wewe." Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia mpaka kifua kikauma.

Nawashukuru wauguzi waliomshika mkono siku ile, mimi niliposhindwa. Namshukuru mama jirani. Namshukuru shemeji, aliyekuja akala nasi mezani badala ya kunipiga. Namshukuru fundi, aliyerudi akabadilisha ule waya bila kunikumbusha chai. Na ninyi wenye sola, umeme wa nyumba ukizimwa, msidhani na paneli zimezimika. Hata kwenye ukungu zina umeme. Usipande, usimpandishe mtu, mwite fundi.

Sijapona, sitawadanganya. Mtoto mwingine hatujapata. Ila mke wangu yupo pale, benchi la tatu, na leo mmesikia kwamba kosa halikuwa lake. Tukitoka nje kusalimiana, msianze na mimi. Mpeni yeye mkono kwanza. Mimi nitasubiri.