Aliyeniita Bustanini Thika

Bwana asifiwe na ninyi mlioketi, na asifiwe pia na wale mliosimama mlangoni kwa kukosa viti. Mimi naitwa Nyokabi. Nalitaja jina langu polepole kwa sababu kuna wakati nililiogopa, na hicho ndicho kilichonisimamisha hapa leo.

Ndugu zangu, nilikuwa fundi wa nguo kule Ruiru. Nilishona sare za shule ndani ya chumba changu cha kupanga, orofa ya juu, na cherehani ndiyo iliyokuwa ikinilisha. Asubuhi moja ukuta wa ngazi ulipasuka, ufa wa kuingiza mkono. Tukaambiwa tutoke vile tulivyo. Nilitoka na sweta la kijani mwilini na viatu vya nyumbani. Kabla jua halijatua, ploti yote, jengo letu la kupanga, iliketi chini kwa mshindo mmoja. Hakuna aliyekufa, Mungu ashukuriwe. Lakini kila nilichokuwa nacho kilibaki chini ya mawe yale.

Nilikwenda kwa kaka yangu kule Ngoliba. Mvua ilikuwa imekataa na mahindi yalikuwa yamekauka kabla ya kubeba. Niliona jinsi watoto wake walivyoniachia ugali bila kuambiwa na mtu. Moyo ukanishinda. Nikamwambia kaka naenda Thika mjini kutafuta kibarua, nikipata nitamwita. Nilizunguka kwa mafundi wote. Wote waliniuliza cherehani yangu iko wapi. Vile siku zilivyosonga, sikuwa na pa kulala ila ile bustani ya katikati ya mji, mahali watu wa ofisi hula chakula cha mchana na maharusi hupigwa picha.

Pale bustanini hakuna aliyetumia jina lake. Mimi niliitwa Sweta. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza redio za watu aliitwa Fundi, na ndiye aliyenionyesha pa kuweka katoni yangu ya kulalia. Alinieleza pia mambo ya majina. Akasema msimu wa baridi, ukungu ukikaa juu ya miti, kuna anayeita watu kwa jina lao la kweli, na anaita kwa sauti ya mtu aliyekupenda. Akasema ukiitwa usiitike. Hakusema kama mtu anayetisha mwingine. Alisema vile mtu anavyokuonyesha mfereji wa maji ulipo. Mimi nilikuwa mtu wa kanisa, nikakemea moyoni, lakini tangu siku hiyo sikumwambia mtu jina langu.

Baridi ya Julai ikaja. Asubuhi moja Fundi alikuwa akikaza waya za redio, na mimi niko kando yake. Akainua kichwa kuelekea miti ya nyuma. Uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyemwona mamake sokoni. Akasema, “Naam, nakuja.”

Mimi sikuwa nimesikia sauti yoyote. Nilimuuliza anaongea na nani. Aliinuka, akaenda akaketi kwenye benchi lililo karibu na lango.

Nilikwenda kuomba mabaki kwenye mahoteli. Niliporudi alikuwa bado ameketi pale, nikaketi naye. Nilimweleza habari za kabichi nilizopewa, na jinsi miguu ilivyokuwa ikiniuma. Sikushangaa kwamba hajibu, kwa sababu Fundi hakuwa mtu wa maneno mengi. Watu walikuja wakati wa chakula cha mchana. Kijana mmoja wa tai aliketi upande wake wa pili, akala chipsi zake, akafuta vidole, akaenda. Msichana mmoja alimwomba asogee kidogo. Alipoona hasogei, akatafuta pengine. Kisha mvua ikaanza na watu wakakimbia. Nikamshika bega nimwambie twende. Matone ya mvua yalikuwa yakianguka ndani ya macho yake yaliyo wazi, na hakuyapepesa.

Ndugu zangu, mtu alikuwa amekufa tangu asubuhi, na mji mzima umekuja ukaketi naye ukaondoka. Hata mimi niliongea naye.

Askari walipofika walituuliza anaitwa nani. Tulitazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Aliyejua jina lake ni yule tu aliyemwita.

Baada ya hapo ikawa zamu yangu.

Kwanza nilianza kupotea machoni pa watu. Nilisimama mbele ya kibanda cha chai nikaomba maji ya moto, na mwenye kibanda akatazama mahali niliposimama akaona barabara. Nilikuwa nimeketi kwenye nyasi, mwanamume akaja akakalia mguu wangu. Alishtuka, akaangalia chini kama mtu aliyekalia jiwe, akasogea bila neno. Nilianza kujigusa uso kuhakikisha kwamba nipo. Kisha nikasikia sauti. Ilikuwa mchana kweupe, watu wamejaa, honi zinapigwa. Ilitoka kwenye ile miti ya nyuma.

“Nyokabi. Nyokabi, kuja ukule.”

Ilikuwa sauti ya mama yangu. Mama tulimzika mimi nikiwa bado msichana.

Nilivuta sweta nikaziba masikio. Ikaja kesho yake, ikaja tena, na kila ilipokuja ilikuwa karibu zaidi. Siwezi kuwaficha: haikunitisha kama nilivyotaka initishe. Ilikuwa tamu. Nilikuwa na njaa, nimechoka, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyekuwa akiniita nile.

Sasa wakati huo, sisi hatukujua yaliyokuwa yakiendelea mjini. Wafanyabiashara walikuwa wamekutana kwa sababu ya yule mtu wa benchi. Wengine walitaka bustani izungushiwe waya na sisi tufukuzwe, eti tunaharibu mji. Lakini kulikuwa na Mama Shiru, mama wa Makongeni anayeuza mitumba ukutani pale nje ya lango. Yeye aliwaambia kwamba alikunja mashati siku nzima akimtazama mtu yule, akidhani amepumzika, na tangu siku hiyo chakula hakipiti kooni. Na Mzee Swaleh, Mwislamu mwenye duka la leso, akasema kabla ya waya, kwanza mtu azikwe. Basi walikwenda kumchukua chumba cha maiti. Watu wa kanisa na watu wa msikiti walichimba pamoja kaburi la mtu asiye na jina. Hapo ndipo walipokubaliana kuja bustanini kila asubuhi kwa zamu, na uji, na kumwamkia kila mtu kwa jina.

Walikuja. Uji tuliupokea. Lakini walipouliza majina tuliinuka tukatawanyika. Walidhani tunaogopa askari wa kaunti. Hakuna aliyewaambia tulichokuwa tukiogopa.

Siku ile ninayoishuhudia, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabenchi. Sauti iliniita ikiwa nyuma ya mti wa kwanza tu, hatua chache kutoka nilipokuwa. Niliinuka. Nilihisi miguu yangu ni myepesi, haiumi tena. Nilifungua kinywa niitike.

Mtu akanishika mkono, kiganja cha moto kwa sababu ya kubeba sufuria. Alikuwa Mama Shiru.

“Unaenda wapi, mami?”

Nilimwambia naitwa. Akatazama kule kwenye miti, akatazama sana. Sijui aliona nini. Lakini mkono hakuuachilia, aliukaza.

“Mimi sijasikia mtu,” akasema. “Kwani wewe ni nani?”

Sauti ikaita tena, na sasa ilikuwa na haraka. Nilimwinamia sikioni nikamwambia jina langu, kwa kunong'ona, ili yule mwingine asidhani nimemwitikia yeye. Machozi yalimjaa Mama Shiru. Akasema, “Basi, Nyokabi, mimi ndiye nakuita. Kwa jina la Yesu, niitikie mimi.”

Nikaitika. Nilisema “Eee” kama mtoto, nikaanguka kwenye leso yake. Alikaa nami kwenye ile nyasi yenye maji akiniita na mimi nikiitika, akiniita na mimi nikiitika, mpaka ukungu ukapanda na nikaona miti ni miti. Watu waliokuwa wakipita walisimama wakatutazama. Walinitazama mimi. Ndugu zangu, sikuwa nimetazamwa kwa muda mrefu sana, na niliona haya, na nikafurahi.

Nilipowaambia wenzangu yaliyonipata, waliobaki walianza kutoa majina, mmoja mmoja, kwa woga. Wengine wamerudi makwao. Wengine wako bustanini mpaka leo, lakini wana watu wanaowauliza wameamkaje. Kanisa lilinitafutia chumba kule Witeithie tunakoishi akina mama watatu, na Mzee Swaleh alinipa kazi ya kukunja pindo za leso dukani kwake. Kaka yangu alikuja kuniona, akalia mlangoni kabla ya kuingia.

Wako walioniambia ile sauti ilikuwa njaa na baridi. Huenda. Wengine wameniambia ilikuwa pepo. Mimi sibishani na mtu. Najua tu nilikuwa nikienda, na Mungu akatuma mkono.

Sasa kule Ruiru, chini ya daraja la barabara kuu, kuna mama anayelala. Tumekuwa tukimtembelea. Hataki uji, hataki maombi, haongei. Juma lililopita nilisimama mbele yake nikamwambia habari ya asubuhi, nikataka kuondoka kama siku zote. Akasogea kidogo, akapigapiga katoni yake kwa kiganja, niketi.

Niliketi. Namshukuru Mungu aliyeniweka hai niketi pale. Wewe unayenisikiliza, kama umebaki peke yako mpaka unadhani huonekani, mtumaini Yeye. Na wewe mwenye nyumba, Alhamisi tunakwenda tena. Njoo uketi nasi.