Wino Mwekundu Kwenye Ukurasa wa Tisa

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Nukta, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi viatu, akasoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, na sekondari hadi Novemba 1975.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kuwa msahihishaji, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na mmoja katika chumba kisicho na dirisha, jirani na mashine ya kukatia karatasi, na wenzake walimtania kwamba angeweza kusoma tangazo la kifo chake mwenyewe, akarekebisha koma, akaendelea na chai.

Alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, tarehe 8 Desemba 1984, wakajaliwa watoto wawili, dada yangu na mimi ninayewasomea.

Tarehe 3 Juni mwaka huu alipasuliwa ngiri, kesho yake akaruhusiwa, na badala ya kuelezwa akapewa kikaratasi chenye anwani ya tovuti, akaambiwa, "Mzee, maelekezo yote yamo humo." Dada alimchapishia, zikatoka kurasa kumi na nne, na sentensi pekee iliyosomeka bila kutoa jasho ilikuwa ya ukurasa wa kwanza, kwamba uvimbe ni jambo la kawaida.

Mguu wa kushoto ulipovimba tarehe 10, Mama alimsihi waende hospitali, naye akajibu kwamba uvimbe umeandikwa ni kawaida, ila kurasa zenyewe ni aibu tupu, atazisahihisha na kuwapelekea siku ya kliniki, tarehe 15. Akakaa mezani, mguu juu ya kigoda, kalamu nyekundu mkononi. Ukurasa wa tisa unasema kwamba mgando wa damu katika vena za ndani za kiungo cha chini huhitaji tathmini ya dharura, na pembeni yake ameandika: "Kiungo cha chini ndicho nini? Semeni mguu." Akafungua ukurasa wa kumi.

Alifariki tarehe 12 Juni, saa nne asubuhi, damu iliyoganda mguuni ikiwa imepanda hadi kwenye mapafu.

Tunawashukuru madaktari, kwani kidonda chao kilipona vizuri sana, majirani mliombeba hadi barabarani, na wenzake wa kiwandani mliochapa ratiba ya leo bila kosa, maana mlijua angeliona. Aliyeandika ukurasa wa tisa hatumjui, wala hakuleta rambirambi.

Pumzika kwa amani, Baba, kurasa zako tutazipeleka sisi, tarehe 15.